Watoto Walipocheza Mazishi

Katika kijiji cha Thamaga mwanamke akishazaa, jina lake la usichana hubaki kwa wazazi wake na kwenye kitambulisho. Wengine wote humwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Keneilwe alianza kuitwa MmaTumo, mama wa Tumo, kabla hata kitovu cha mtoto hakijakauka, na mumewe Molefi akawa RraTumo. Tumo alipofariki, akiwa na miaka mitano, majina hayo hayakwenda kokote. Muuza duka alimpa mkate na kumwambia, "Haya, MmaTumo." Jirani alimsalimia juu ya uzio, "Umeamkaje, MmaTumo?"

Mma Segokgo, mwenye chekechea alikofanya kazi, alimvuta pembeni siku aliyorudi kazini.

"Mwenzangu, nikuite Keneilwe? Kama lile jina linakuumiza, sema tu. Nitawaambia na wazazi."

Keneilwe alijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni. Hakukuta kitu.

"Niite lile lile, Mma," alisema, akaenda kuosha sufuria ya uji.

Ilikuwa homa. Tumo alikuwa akikimbiza kuku uani, kesho yake shingo ikakakamaa, na kabla juma halijaisha nesi alimfunika shuka hadi kichwani, akasimama pale akiwa hajui aweke wapi mikono yake. Hakuna aliyekosea. Daktari alieleza yote kwa utaratibu, na Keneilwe aliyafuata maneno moja baada ya jingine hadi mwisho, akasema asante.

Juma zima la matanga alikaa kwenye godoro sakafuni, kajifunika blanketi, wanawake wakiwa wamemzunguka. Wanaume walikuwa nje wakiuzunguka moto, na Molefi alikuwa huko. Ndivyo inavyokuwa. Mume na mke hawakuzungumza siku zile ila kupitia kwa shangazi, aliyeingia na kutoka kuuliza habari za jeneza na za ng'ombe wa kuchinja. Jumamosi alfajiri Molefi alikuwa wa kwanza kushika koleo kaburini. Keneilwe alimwona mgongo tu. Kisha watu wakarudi nyumbani, wakanawa mikono, wakala nyama, na baada ya siku chache Molefi akapanda pikapu ya binamu yake kwenda kambini, kule malishoni alikochunga ng'ombe.

Mama mkwe alimwambia bado ni mapema kurudi kazini.

"Na nyumbani kuna nini, Mama?" aliuliza Keneilwe. Hakuuliza kwa uchungu, alitaka kujua tu.

Kazi yake ilikuwa kuwaogesha watoto, kuwalisha na kuwalaza mchana. Tumo alikuwa mmoja wao, na zamani watoto wale walikuwa kelele moja kubwa ambayo ndani yake aliisikiliza sauti moja. Hata akiwa anamfuta mwingine kamasi, sikio lake lilikuwa kwa Tumo. Sasa sauti ile haikuwepo, na sikio halikuwa na kazi. Hapo ndipo alipoanza kuwaona hawa wengine. Aliwatazama kama mtu asiye na shamba anavyotazama mvua.

Aliona kwamba mvulana akianguka, kwanza hutazama kushoto na kulia. Kama hakuna mtu, huinuka, hujipangusa, huendelea. Kama yupo, hulia. Msichana akianguka, mara nyingi anayekuja kutoa habari ni msichana mwingine: "Mma, Wame ameanguka, goti limetoka damu, amesukumwa na Thuso, na Thuso anasema si yeye." Habari nzima, na mashahidi.

Akimuuliza mvulana jana usiku walikula nini, humjibu, "Nyama." Akimuuliza Gorata, alipewa nyama, na aliyeipika, na kwamba bibi alisema imezidi chumvi, na kwamba mama alikasirika akaenda kulala, na kwamba baba aliila yote akasema ni tamu.

Wavulana walipigana na kusahau. Thuso angempiga Oarabile ngumi ya tumbo, na uji ukiletwa wamekaa bega kwa bega. Gorata na Wame hawakupigana hata mara moja, lakini kulikuwa na siku Wame hakuruhusiwa kukalia gurudumu kuukuu la kuchezea pale uani, asubuhi mpaka mchana, kwa kosa ambalo hakuna mtu mzima aliyeweza kulielewa.

"Mvulana ni mvulana tu," alisema Mma Segokgo, aliyenunua vikombe vya bluu kwa wavulana na vya waridi kwa wasichana, na hakutaka vichanganywe. "Ukimkalisha chini anaumwa. Mimi nimelea wanne. Msichana utamkuta amekaa, ana akili zake. Ndivyo walivyokuja duniani."

Keneilwe hakubisha wala hakukubali. Alikuwa amemwona Wame akipanda juu ya paa la banda la kuku na Thuso akibembeleza kifaranga kilichovunjika mguu. Aliviona vyote viwili, vikapita.

Kuhusu Tumo, wasichana waliuliza. Hawakungoja hata siku mbili.

"Mma," alisema Wame, akiwa kwenye beseni, povu hadi masikioni. "Tumo anaogeshwa na nani sasa?"

"Haogi."

"Basi atanuka."

"Hatanuka. Inua mkono."

Wame aliinua mkono, akafikiri. "Na sabuni yake?"

"Ipo nyumbani."

Gorata alikuwa na miaka sita kasoro na sauti ya mwenyekiti wa mkutano. Alikuja siku nyingine jikoni, akaegemea mlango, akaweka mguu mmoja juu ya mwingine.

"Mama yangu anasema hulii. Kwa nini hulii?"

"Machozi hayaji."

"Hata ukikata vitunguu?"

Keneilwe alikuwa na kitunguu mkononi wakati ule. Alikitazama. "Hata nikikata vitunguu."

Gorata alimsogelea, akamchungulia macho kwa karibu, kama nesi, akahakikisha. Kisha akatoka nje, na Keneilwe akamsikia akiwatangazia wenzake uani, "Hata vitunguu."

Wasichana walimgusa pia. Walimshika sketi, walimwegemea, Wame alizoea kumpapasa kidole cha pete akisubiri kuvalishwa viatu. Keneilwe aliihisi mikono yao kama mtu aliyevaa glavu nene.

Wavulana hawakuuliza. Walimpitia mbali. Kama alikuwa amesimama mlangoni, walizunguka kwa upande wa pili, na akiwaita kunawa walikuja wakitazama maji. Oarabile, aliyekuwa rafiki wa Tumo na aliyemiliki pamoja naye gari moja la waya lenye magurudumu ya vifuniko vya rangi ya viatu, alilileta gari lile siku moja na kuliendesha mchana kutwa peke yake bila kusema neno. Thuso alipotundika mfuko wake kwenye msumari uliokuwa wa Tumo, Oarabile alimng'ata mkono. Akaadhibiwa, akakaa pembeni, akamaliza adhabu, akaenda kucheza.

"Wavulana wameshasahau," Keneilwe alimwambia Mma Segokgo wakikunja mikeka.

"Afadhali yao."

"Eeh. Afadhali yao."

Molefi naye alikuwa amesahau, ndivyo alivyodhani. Mwisho wa mwezi alirudi kutoka kambini na maziwa ya mgando kwenye galoni, akakaa, akala ugali wa mtama, akauliza kama gesi bado ipo. Alisema ndama mmoja ameumwa na fisi. Alilala akielekea ukutani. Keneilwe hakumkasirikia. Hasira ingehitaji nguvu, na nguvu aliyokuwa nayo ilitosha kuchota maji na kupika. Walilala hivyo, kila mmoja na ukuta wake, na Jumapili mume akaondoka.

Ukaja mwezi wa saba, baridi na upepo wa vumbi. Asubuhi moja, baada ya uji, Keneilwe alikuwa akikausha vikombe, akagundua kwamba hasikii kitu. Watoto ishirini na kitu hawakai kimya kwa heri. Akatoka na kitambaa mkononi, akazunguka nyuma ya jiko, kule kwenye mchanga karibu na tangi la maji.

Walikuwa na mazishi.

Wasichana walikuwa wamejifunika mabega kwa chochote kilichopatikana: taulo, gunia, sweta zilizogeuzwa. Walikuwa wameketi upande mmoja, miguu imenyooshwa mbele kama akina mama. Wavulana walikuwa wakichimba shimo kwa vijiko na kipande cha bati, wakipokezana. Wengine watatu walikuwa kando na sufuria ya plastiki iliyojaa mawe, wakiyaponda kwa kijiti, kwa sababu nyama ya msibani hupikwa na wanaume. Msichana mmoja alitaka kuponda naye.

"We, toka huko," aliambiwa. "Pika ugali."

"Ugali unachosha."

"Ndiyo kazi yako."

Thuso alikuja mbio, amechelewa, akitaka kuingia. Gorata alimsimamisha kwa kiganja bila kuinuka.

"Jaketi lako liko wapi?"

"Sina."

"Huwezi kuingia msibani bila jaketi. Huna heshima. Rudi nyumbani."

Thuso alirudi, akavaa mfuko wa unga uliotobolewa mikono, akakubaliwa.

Kitu cha kuzikwa kilikuwa chupa ya plastiki iliyozungushiwa kitambaa. Keneilwe alisimama kwenye kona ya ukuta. Wame alimwona, akamwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayemkaribisha aliyechelewa kufika: "Ni Tumo."

"Naona," alisema Keneilwe.

Gorata ndiye aliyeigiza kuwa yeye, MmaTumo. Alielewa hilo mara moja. Gorata alikuwa amekalia gunia, uso ameuelekeza ukutani, mabega ameyashusha, na vidole vyake vilikuwa vikivuta uzi kwenye ukingo wa taulo, vikiuvuta na kuuachia, vikiuvuta na kuuachia. Keneilwe hakujua kwamba yeye mwenyewe alivuta uzi hivyo siku za matanga. Aliitazama ile mikono midogo ikifanya hivyo, akakumbuka blanketi lile na ukingo wake uliofumuka.

"Lieni," Gorata aliwaambia wenzake, bila kugeuka. "Mimi silii. Nyie lieni."

Wakalia. Walilia vizuri, kwa sauti za juu na za chini, wakitazamana kuona nani anazidi. Wavulana waliiweka chupa shimoni, wakafukia haraka haraka, mchanga ukiruka. Wa kwanza kufukia alikuwa Oarabile. Alipiga vijiko vichache, akampa Thuso kijiko, akaondoka. Hakwenda kwenye nyama. Alizunguka nyuma ya tangi, peke yake.

"RraTumo anakwenda wapi?" aliuliza mvulana mmoja wa kwenye mawe.

"Mwache," alisema Thuso. "Ndivyo alivyofanya."

Wakati huo Mma Segokgo akatokea upande wa pili, kandambili zikipiga, akaona, akashika kifua.

"Nani amewafundisha haya? Mnacheza na msiba? Mnatuitia mkosi hapa? Inukeni wote, vueni hayo matakataka."

"Waache wamalize, Mma," alisema Keneilwe.

"Wamalize nini, MmaTumo? Si mtoto wako huyo wanamzika?"

"Walishaanza."

Mma Segokgo alishusha mkono, akaingia jikoni, na sufuria zikasikika zikiwekwa chini kwa nguvu. Watoto walimaliza. Walinawa mikono kwenye beseni tupu kabla ya kula mawe, mmoja mmoja kwa foleni, kama inavyopasa.

Keneilwe alikwenda nyuma ya tangi. Oarabile alikuwa amesimama, mikono mifukoni, paji la uso ameliegemeza kwenye bati la tangi. Macho wazi. Hakusogea.

"Oarabile. Unafanya nini?"

"Mimi ni RraTumo."

"RraTumo alifanya hivyo?"

"Eeh."

"Wapi?"

"Kwenu. Kwenye tangi lenu. Siku ile ya nyama." Akaongeza kwa kuwa alitazamwa. "Nilikwenda kukojoa. Yeye alikuwa hivi. Halafu akafanya hivi." Akakipiga kichwa kwenye bati polepole, mara kadhaa, bila kuumia, tangi likatoa mlio mzito. "Halafu akanawa uso, akarudi kwa watu."

"Alikuona?"

"Hapana. Thuso pia aliona. Nilimwita."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Mtoto alimtazama sasa, kwa mara ya kwanza tangu msiba, na alionekana kushangaa kweli.

"Hukuuliza," alisema. Akangoja kidogo kama kuna swali lingine, halafu akakimbilia nyama.

Keneilwe alibaki pale. Hakulia. Alijaribu kumfikiria Molefi nyuma ya tangi lao, lile la kijani, umbali wa hatua chache tu kutoka dirisha la chumba alimokuwa amekaa, na wanawake wakiimba kiasi kwamba mlio wa bati usingesikika. Picha ilikuja, lakini haikumuumiza. Ilikaa tu. Alirudi jikoni kumalizia vikombe, na akaweka vya bluu na vya waridi rafu moja bila kutambua, hadi Mma Segokgo alipokuja kuvitenganisha.

Mwisho wa mwezi Molefi alirudi. Alinawa, akakaa, akala. Aliuliza habari za gesi. Keneilwe alimwambia ipo.

"Watoto walicheza mazishi," alisema.

"Ya nani?"

"Ya Tumo."

Molefi aliacha kutafuna, kisha akaendelea. "Mma Segokgo aliwaacha?"

"Mimi ndiye niliyewaacha. Gorata alikuwa mimi."

"Gorata yupi, yule anayefoka?"

"Huyo huyo. Alikataza watu wasio na jaketi."

Molefi alitikisa kichwa. Alimega ugali, akaurudisha sahanini.

"Na mimi nilikuwa nani?"

"Oarabile."

"Alifanya nini?"

Keneilwe alimweleza. Alieleza kama alivyoona, kwa mpangilio, kijiko, tangi, paji la uso, mlio. Hakuongeza kitu na hakumtazama. Alipomaliza, mumewe alikuwa ameinamia sahani yake.

"Sikujua kuna mtu," alisema Molefi.

"Alikwenda kukojoa."

"Lilikuwa la baridi. Lile tangi. Kichwa kilikuwa kinawaka moto, na kule motoni wazee walikuwa wanazungumza bei ya ng'ombe." Alisugua paji la uso kwa kiganja. "Nilifikiri ukiniona nimeharibika, utaharibika na wewe."

"Nilifikiri umesahau."

"Hata mimi nilifikiri wewe umesahau," alisema. "Hulii."

"Wasichana waliniuliza hilo. Gorata aliniuliza kama hata vitunguu havinilizi."

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia hata vitunguu. Akaenda kutangaza."

Molefi alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, kibovu, kikakatikia puani, na baada yake machozi yalimtoka, akayaacha yadondoke hapo mezani. Keneilwe alikisikiliza kicheko na kilio vyote viwili kama vitu vinavyotoka uani kwa jirani. Hakuwa na cha kumrudishia. Alinyoosha mkono akausogeza karibu naye, juu ya meza, wala hakuuondoa.

"Na yule mwingine, yule mtoto wa mwenye genge la mboga?" aliuliza Molefi baadaye, akijifuta. "Wame. Yeye alisema nini?"

"Alitaka kujua nani anamwogesha Tumo."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia haogi."

"Maskini. Alipenda maji yule mtoto."

Jumapili hiyo hakuondoka. Aliondoka Jumatatu. Na tangu hapo, kila aliporudi kutoka kambini, akishauliza habari za gesi, aliuliza watoto wamesema nini. Keneilwe alimweleza. Alijikuta wakati wa mchana akiyashika maneno yao ili asiyasahau, nani kamnyima nani gurudumu, nani kampa kifaranga jina la mchungaji wa kanisa. Wavulana aliwauliza. Mmoja mmoja, wakiwa kwenye beseni, ambako hawawezi kukimbia. Walijibu kwa neno moja moja, wakitazama maji, na maneno yale alipoyaunganisha yalikuwa mengi. Thuso alikuwa bado anamwota Tumo. Oarabile alikuwa analiegesha gari la waya chini ya kitanda kila usiku, mbele ikitazama mlango.

Mma Segokgo alipiga marufuku mchezo ule, na shimo likasawazishwa. Watoto wakahamia mchezo wa harusi, ambao ulikuwa na ugomvi zaidi. Joto likaja, zikaja mvua chache, na mwaka ukaisha. Oarabile, Thuso, Gorata na Wame wakaenda kuanza shule, wakiwa na sare zinazowapwaya.

Januari ikaleta wapya. Kulikuwa na mvulana mmoja, mnene, aliyeshikilia lango kwa mikono miwili akimlilia mama yake mpaka sauti ikakauka, na nusu ya chekechea ilikwenda kumbembeleza. Mma Segokgo alimbeba, akampa biskuti, akamwonyesha kuku. Siku hiyo hiyo aliletwa pia msichana mmoja mwembamba, jina lake Setso. Mama yake alimwacha mlangoni, na mtoto akaingia, akakaa kwenye mkeka ukutani, mikono mapajani. Hakulia, hakusema neno.

"Huyu ana akili," alisema Mma Segokgo akipita, yule mnene begani. "Wasichana hawasumbui."

Keneilwe alimaliza kugawa uji. Setso hakunywa wake. Alikuwa akitazama mbele, midomo kaibana, na kila baada ya muda alimeza mate. Watu walimpita. Hakuwa na shida, kwa hiyo hapakuwa na wa kumwendea.

Keneilwe alifuta mikono, akaenda, akakaa chini kwenye mkeka pembeni yake, mgongo ukutani. Kisha akauliza.

"Setso, kuna nini?"

Mtoto alifikiria kama ajibu.

"Viatu vinabana," alisema.

Keneilwe alivifungua kamba, akavivua, kimoja na kingine, na soksi pia. Vidole vilikuwa vyekundu na vimejikunja. Akavishika kwenye kiganja chake mpaka vikaanza kunyooka.